RELI NI YA NANI, NA WAYA WA INTANETI NI WA NANI?

Ndugu wanachama,

Leo nataka kusema nanyi habari ya kitu ambacho wengi wetu twadhani hakituhusu. Kitu chenyewe ni waya wa intaneti, ule uzi mwembamba wa kioo ambao watu huuita faiba. Najua mtu atasema, "Huyu ni mtu wa reli, faiba yamhusu nini? Na aandike habari ya mishahara na nyumba za landi." Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Mimi si mhandisi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na baada ya hapo nimesomeshwa na kazi, na magazeti, na vitabu vya kuazima. Lakini mtu aliyefanya kazi relini ajua jambo moja ambalo wakubwa wengi hulisahau: mwenye njia ndiye mwenye neno. Behewa laweza kuwa la mtu ye yote, na mzigo waweza kuwa wa mtu ye yote, lakini njia ikiwa si yako utangoja kando mpaka mwenyewe apende.

KIJANA WA MTAROONI

Mwaka juzi mtaro wa faiba ulichimbwa karibu na mahali genge letu lilipokuwa likibadilisha mataruma. Vijana walikuwa wakichimba kwa jembe na sururu, wakilipwa kwa mita. Asiyemaliza mita zake hapati kitu. Hawakuwa na gambuti wala glavu. Kijana mmoja alijipiga mguu kwa sururu, akafungwa kitambaa cha shati la mwenzake, akapewa nauli ya kurudi kwao. Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake.

Nilimwuliza kijana mmoja, "Ndugu, tajiri wenu ni nani?" Akanionyesha mtu aliyekaa juu ya pikipiki. Nikamwendea yule wa pikipiki. Naye akasema, "Mimi nimetumwa tu, kontrakta yuko mjini." Na huyo kontrakta wa mjini, kama nilivyosikia baadaye, naye alikuwa amepewa kazi na kontrakta mwingine, na huyo amepewa na kampuni. Ikawa mtaro una wenyewe wengi, lakini mguu wa yule kijana hauna mwenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri sana: kazi hii kubwa inayofanywa nchini mwetu, ni nani anayeijenga, ni nani atakayekuwa na amri juu yake, na sisi tumesimama wapi?

SI KITU CHA MATAJIRI TENA

Zamani simu ilikuwa kitu cha ofisi. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mshahara wa kibarua hupita kwenye simu. Tikiti ya treni yakatwa kwa simu. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, kuandikishwa katika bima ya afya ya SHA iliyoanza Oktoba 2024, yote haya hutafutwa kwenye mtandao. Mtu aliye mahali pasipo mtandao ni kama mtu aliye mahali pasipo barabara.

Hata kazi yetu wenyewe yategemea. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa laini ya simu ya reli, akipanda nguzo kutengeneza waya za shaba. Waya zile ziliibiwa kidogo kidogo, nguzo zikaanguka, na siku hizi katika stesheni nyingi ndogo stesheni masta huzungumza na kontroli kwa simu ya mkononi, kwa mtandao wa kampuni. Jioni moja mtandao ulikufa tukiwa stesheni. Treni ya mizigo ilisimama saa tatu nzima, dereva hana ruhusa ya kuendelea. Mwishowe mtu alipanda bodaboda kupeleka habari stesheni ya mbele. Nilikumbuka baba yangu na nguzo zake. Reli iliyokuwa na waya wake yenyewe sasa yaomba kwa jirani, na jirani akilala, treni nayo hulala.

KAMPUNI ILISHINDWA, SERIKALI IKAJENGA

Wako watu wasemao kwamba Serikali isitie mkono katika mambo ya mtandao, iwaachie matajiri wenye ujuzi. Mimi nawaambia watazame reli iliyo chini ya miguu yao.

Mwaka 1888 kampuni moja ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya kutawala na kufanya biashara katika nchi hizi. Ilitaka reli ya kufika Uganda. Ilianza kutandika reli ndogo huko Mombasa, ikafika maili chache tu, pesa zikaisha. Kufika mwaka 1895 kampuni ilikuwa imeshindwa, na Serikali ya Uingereza ikashika nchi. Mwaka 1896 ujenzi wa reli yenyewe ukaanza, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5. Hakuna tajiri ambaye angetia pesa zake katika njia ya maili karibu 600 ambayo haijui itapata mzigo gani.

Sisemi kwamba Waingereza walitujengea sisi. Walijenga kwa faida yao. Na tusisahau waliochimba: watu karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Nasema tu kwamba njia kuu ya nchi, ile ya kwanza, ambayo faida yake haionekani mpaka miaka ipite, ni mzigo ambao kampuni peke yake haiwezi au haitaki kuubeba.

Habari ya intaneti ni hiyo hiyo. Hata Marekani, nchi ya matajiri, mtandao wa kwanza, ARPANET wa mwaka 1969, ulilipiwa na Wizara ya Ulinzi. Baadaye shirika la Serikali la sayansi lilijenga njia kuu ya kuunganisha vyuo vikuu, na makampuni yakapewa kazi humo. Ni mwaka 1995 tu njia ile ya Serikali ilipofungwa na makampuni yakaachiwa kuendelea. Mti ulipandwa kwa pesa za umma, matunda yakachumwa na wengi.

NA HAPA KWETU?

Kabla ya mwaka 2009 Kenya haikuwa na waya wa intaneti uliopita baharini. Habari zilipita kwa setilaiti, na bei yake ilikuwa kali. Nchi za Afrika Mashariki na Kusini zilikuwa zikijadili waya mmoja wa pamoja, EASSy, lakini maneno yalikuwa mengi na kazi haikwenda. Bwana Bitange Ndemo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano, na wenzake, walikata shauri Kenya isingoje. Serikali ikashirikiana na kampuni ya Etisalat ya Falme za Kiarabu na makampuni ya hapa nyumbani, wakatandika waya uitwao TEAMS kutoka Fujairah mpaka Mombasa. Ulifika Mombasa Juni 2009. Serikali haikushika yote. Iliyaita makampuni ya simu yanunue hisa, yenyewe ikabaki na sehemu kama moja kwa tano katika upande wa Kenya. Mwezi uliofuata, waya mwingine, SEACOM, uliojengwa kwa pesa za makampuni, nao ukaanza kazi. EASSy ulifuata mwaka 2010.

Wakati huo huo Serikali ilichimba njia kuu ya bara, iitwayo NOFBI, zaidi ya kilomita 4,000 katika awamu ya kwanza. Awamu ya pili, kwa mkopo wa China, ilikusudiwa kufikisha faiba katika makao makuu ya kaunti zote 47. Na Serikali iliyoingia mwaka 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba na mahali 25,000 pa waifai ya bure, ikitumia pia nguzo za umeme.

Basi hapo tunaona jambo zuri. Serikali ilitangulia, makampuni yakafuata, na kila mmoja akamsukuma mwenziwe. Nami nataka niwe mkweli: bila makampuni waya ungelala ardhini kama nyoka aliyekufa. Ni makampuni yaliyosimamisha minara, yaliyouza simu, yaliyomfikia mama wa sokoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KILA MMOJA ANA UGONJWA WAKE

Lakini twawajua wote wawili, na kila mmoja ana ugonjwa wake.

Ugonjwa wa kampuni ni kwamba huenda mahali penye pesa. Katika mtaa mmoja wa matajiri mjini Nairobi faiba za makampuni matatu au manne hupita juu ya ua mmoja, kila mmoja na nguzo zake. Ukienda kwetu bara, mtoto hupanda kilima jioni akitafuta mtandao afanye kazi ya shule. Si kwamba kampuni ni mbaya, ndivyo ilivyoumbwa. Ng'ombe haendi mahali pasipo majani. Ndiyo maana sheria yetu ilianzisha mfuko wa huduma kwa wote, ambao makampuni hutoa sehemu ndogo ya mapato yao ili minara ijengwe mahali pasipo na faida. Hilo ni jambo jema, nasi tudai hesabu yake itangazwe wazi.

Ugonjwa wa Serikali ni kwamba hujenga kwa shangwe na kutunza kwa uvivu. Siku ya kukata utepe mawaziri ni wengi, lakini siku ya waya kukatwa na buldoza la barabara humwoni hata mmoja. Tena Serikali ikiishiwa na pesa hukimbilia kuuza au kukodisha kile kilichojengwa kwa jasho la wote.

Sisi wa reli hatuhitaji kuambiwa. Mwaka 2006 reli yetu ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Maelfu ya wafanya kazi wakaachishwa kazi. Mwaka 2017 mapatano yakavunjwa, miaka 11 haijatimia, na reli ikarudi mikononi mwa Serikali. Waliorudishiwa reli ni Serikali, lakini walioachishwa kazi nani aliwarudishia miaka yao?

Ndugu zetu wa simu waliona mambo kama hayo. Shirika la posta na simu liligawanywa mwaka 1999, Telkom Kenya ikazaliwa. Wafanya kazi kwa maelfu wakapunguzwa. Desemba 2007 Serikali iliuza 51 kwa mia ya Telkom kwa kampuni ya France Telecom. Mwaka 2016 Wafaransa wakauza sehemu yao kwa wengine wakaenda zao.

Na Safaricom, ambayo ilianza ndani ya Telkom, mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza iliingia kwa 40 kwa mia. Mwaka 2008 Serikali iliwauzia watu 25 kwa mia, hisa moja kwa Sh. 5/-, ikabaki na 35 kwa mia. Desemba 2025 Hazina ilitangaza mpango wa kuuza 15 kwa mia nyingine kwa jamaa ya hiyo hiyo Vodafone, kwa Sh. 34/- hisa moja, ili ipate pesa za miradi mipya. Zaidi ya Shilingi bilioni 200 si pesa kidogo. Lakini wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiuza ng'ombe anayetoa maziwa kila mwaka ili ununue gari, basi hakikisha gari hilo litaleta maziwa.

Kuna ugonjwa wa tatu, nao twapaswa kuusema bila woga. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilipungua nguvu nchi nzima. Makampuni yalisema ni nyaya za baharini zilizoharibika. Watu wengi hawakuamini. Mimi sikuwa kwenye mitambo, sitasema nisichokijua. Lakini najua kwamba mwezi uliotangulia, Mei 2024, SEACOM na EASSy zilikatika kweli huko upande wa Afrika Kusini, na mtandao wetu ukazorota. Kwa hiyo mafunzo ni mawili. Nchi isitegemee waya mmoja au mbili. Na tena hapana mtu mmoja, awe waziri au tajiri, apaswaye kuwa na kidole chake peke yake juu ya swichi ya taifa.

MAONI YANGU

Basi nasema hivi. Chama chetu na vyama vyenzetu vishikilie mambo manne.

La kwanza: njia kuu iwe ya umma, na iwe wazi kwa wote. Njia kuu ya faiba iwe kama reli. Serikali ishike njia, makampuni yaendeshe magari juu yake, makubwa na madogo, kila moja likilipa ada ile ile iliyotangazwa. Kampuni kubwa isipewe bei ya siri, na kampuni ndogo ya vijana wa Kitale au Voi isifungiwe mlango. Hapo makampuni yashindane kwa bei na huduma, nasi tupate nafuu. Na anayetaka kutandika waya wake mwenyewe asikatazwe, maana tumeona hatari ya kutegemea waya mmoja.

La pili: ardhi ya reli isigawanywe kimya kimya. Kutoka Mombasa mpaka Malaba na Kisumu reli ina ukanda wa ardhi ulionyooka, na reli mpya ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 ina faiba kando yake. Hakuna mahali pazuri kuliko hapo pa kupitisha waya wa nchi. Basi wanaotaka kupita wakodishwe kwa haki, mapatano yawe wazi, na waya mmoja utengwe kwa kazi ya treni, ili stesheni masta asitume tena bodaboda.

La tatu: kila mkataba wa kujenga mtandao uwe na jina la tajiri anayewajibika kwa mfanya kazi. Sheria za nchi hii juu ya mishahara, bima ya ajali na usalama kazini hazikusema kwamba zinaishia mahali mtaro unapoanzia. Yule aliyepewa kazi na Serikali awajibike kwa kila kibarua wa chini yake, hata kama kuna makontrakta watano katikati. Mguu wa kijana uwe na mwenyewe.

La nne: kabla ya kuuza au kukodisha, tuulizwe. Si baada ya kutia sahihi, bali kabla. Mkataba usomwe hadharani, na vyama vya wafanya kazi vikae mezani. Hatutaki kusikia kwenye redio asubuhi kwamba tumeuzwa jana usiku.

JIBU KWA NDUGU MMOJA

Nilipozungumza maneno haya katika landi, ndugu mmoja, mtu mwenye akili, aliniambia, "Wewe wataka njia iwe ya Serikali. Je, hukuona pesa za umma zinavyoliwa? Heri tajiri, yeye hulinda pesa zake."

Swali lake ni la haki, na sikumjibu upesi. Nililala nalo. Kesho yake nilimwambia hivi: "Ndugu yangu, ni kweli wezi wako. Lakini nyumba ikiingia panya, huuzi nyumba, unatafuta paka. Kitu cha umma kikiibiwa, wewe na mimi tuna haki ya kuuliza: kuna Bunge, kuna Mkaguzi Mkuu wa hesabu, kuna mahakama, kuna kura, na kuna chama hiki. Kitu cha tajiri kikishakuwa chake, utauliza kwa haki gani? Atakuambia, 'Kama hupendi bei yangu, zima simu yako.' Na wewe huwezi kuizima, maana mshahara wako umo ndani."

Akacheka, akasema, "Basi leteni huyo paka." Nami nasema paka ndiye sisi. Mali ya umma isiyo na watu wa kuilinda kwa macho ni mali ya mwizi. Kwa hiyo kusema njia iwe ya umma ni kujitwika kazi, si kustarehe.

MWISHO

Ndugu zangu, babu zetu walisimama kando ya njia wakaitazama reli ikipita nchi yao bila kuulizwa neno. Walipewa kazi ya kubeba mawe, na wengine hawakupewa hata hiyo. Sisi ni watu wa nchi huru. Njia mpya yapita sasa hivi mbele ya macho yetu, tena haina kelele kama garimoshi, yapita kimya chini ya udongo. Tukinyamaza, watoto wetu watatuuliza kama tunavyowauliza wazee: mlikuwa wapi ilipopita?

Naomba kila tawi liweke jambo hili katika mkutano wake ujao, lijadili yale manne, likubali au likatae au liongeze la tano, kisha makatibu wapeleke maneno yetu makao makuu. Na wewe uonaye vijana wakichimba mtaro karibu na kazini kwako, usipite tu. Simama, waulize habari zao, waambie kuna chama. Wao ni wafanya kazi kama sisi.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanachama, Genge la Njia, Nakuru.